Picha Nzuri Yahitaji Sauti Nzuri

Mama msomaji, ukipita Mtaa wa Kongo hapa Kariakoo siku yoyote ya kazi, utasikia sauti kabla ya kuiona bidhaa. Muuza soksi, muuza vitambaa vya meza, muuza sumu ya panya, kila mmoja ameweka kipaza sauti kidogo juu ya meza yake, na ndani yake kuna sauti iliyorekodiwa inayorudia bei tangu asubuhi hadi jioni. Mwenye meza amekaa kimya anahesabu chenji. Wengine hata hawakutumia sauti zao wenyewe. Walimtafuta mtu anayejua kutamka, wakampa maneno, naye akawasomea.

Wachuuzi hawa wametambua jambo ambalo sisi tunaofundisha makanisani, kliniki na kwenye vikundi vya akina mama hulisahau mara nyingi. Macho hutangatanga, lakini sikio likipata sauti inayoeleweka hutulia.

Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha akina mama chenye kompyuta, na projekta hukodishwa kwa siku. Tunaonyesha slaidi kwenye semina za ndoa, mafundisho ya wajawazito, mikutano ya kina mama, vikao vya vikoba, hata kwenye harusi na misiba. Lakini hebu tujiulize, je, ni mara ngapi tumeona slaidi zimejaa maandishi hadi pembeni, mwalimu amewapa watu mgongo anasoma neno kwa neno, na akina mama wa nyuma wanasinzia au wanachezea simu? Bibi aliyesahau miwani nyumbani anatazama ukuta wenye mwanga, basi.

Katika makala haya tutazungumzia namna ya kuzipa slaidi sauti: maneno yaliyoandikwa vizuri, yakasomwa na mtu anayejua kusoma, yakarekodiwa na kuunganishwa na picha. Si anasa ya makampuni makubwa. Ni kazi ambayo kikundi cha akina mama wa kawaida kinaweza kuifanya.

Jambo hili si geni kwetu

Hapa Kariakoo tunao Mtaa wa Livingstone. Wengi tunamjua David Livingstone kama mmisionari na msafiri, lakini si wote wanaojua kwamba katika mizigo yake alibeba taa ya kuonyeshea picha, babu wa projekta zetu za leo. Mwaka 1854 alifika kwa chifu Shinte, karibu na mpaka wa sasa wa Zambia na Angola, akaonyesha usiku picha ya Ibrahimu akiwa tayari kumtoa Isaka sadaka. Mwenyewe aliandika kwamba alipoisogeza picha ile, wanawake waliona kisu kinawajia wao, wakapiga yowe la kumwita mama na kukimbia ovyo. Hata hivyo aliandika pia kwamba watu walitoka mbali kuja kutazama picha hizo na kusikia maelezo yake. Tuangalie maneno hayo mawili: kutazama na kusikia. Kusogea kwa picha kuliwatia hofu wanawake wale. Lakini waliotoka mbali walifuata picha pamoja na maelezo yake.

Miaka 80 hivi baadaye, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na jaribio kubwa zaidi hapa hapa nchini, huko Vugiri katika milima ya Usambara, karibu na Korogwe. Jaribio hilo liliandaliwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitoka mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi 35 za kufundisha afya, kilimo na kuweka akiba. Picha zilikuwa bubu. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati, kisha vyombo vyote vikapakiwa kwenye lori na kuzungushwa vijijini. Shida yao kubwa ilikuwa kuiweka sauti iende sawa na picha. Shida hiyo hiyo tunayo hata leo, na tutaieleza huko mbele.

Redio nayo ilianza jirani yetu. Mwezi Julai 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza kutoka eneo la Mnazi Mmoja. Kituo hicho ndicho kilichokua hadi kuwa Redio Tanzania. Kupitia redio hiyo, mwaka 1973, taifa zima lilipata somo la Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza sauti ya redio, wakafuata katika kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Wengine wetu tulisimuliwa habari hizo na mama zetu. Waliokuwa hawajajua kusoma hawakuachwa nyuma, kwa kuwa sauti iliwasomea na jirani akawafafanulia.

Wali na pilau

Kisha ukaja wakati wa mikanda ya video. Filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zilijaa mabanda ya video ya Dar es Salaam, lakini lugha zao hazikueleweka. Ndipo wakatokea wasimulizi. Mmoja wao, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu mkubwa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe. Wengine kama DJ Mark walifuata njia hiyo. Kenya yupo DJ Afro, na Uganda kazi hii imekua hadi kuwa fani inayojulikana nchi nzima. Filamu zilizosimuliwa ziliuzwa sana katika maduka ya Kariakoo, hasa mitaa ya Aggrey na Likoma.

Msomi wa Kijerumani, Matthias Krings, aliyeichunguza kazi hiyo hapa Tanzania, aliipa makala yake jina la kugeuza wali kuwa pilau. Akina mama tunaelewa mara moja. Mchele ni ule ule, ila msimulizi ametia bizari, iliki na mdalasini. Anaeleza nani ni nani, anatia utani, analinganisha mji wa Hong Kong na Manzese, na mtazamaji anajiona yumo ndani ya hadithi.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, watu wetu wanapenda kusimuliwa. Si wavivu wa kusoma tu kama wengine wanavyodai. Wanapenda sauti ya mtu inayowaongoza. La pili ni onyo. Pilau si chakula cha kila mgonjwa. Msimulizi wa filamu ana ruhusa ya kuongeza chumvi, lakini anayesoma somo la dawa, chanjo au uzazi hana. Akiongeza neno moja la utani kuhusu vidonge, kesho kuna mtu atakayemeza viwili badala ya kimoja. Kwa hiyo tuchukue utamu wa sauti, tuache kuongeza chumvi.

Kwa nini sauti inasaidia?

Wataalamu wa elimu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Anayetajwa zaidi ni Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye kitabu chake kuhusu kujifunza kwa picha na maneno kilitoka mwaka 2001. Maelezo yake ni rahisi kuyafahamu. Akili yetu ina milango miwili, mmoja wa macho na mwingine wa masikio, na kila mlango ni mwembamba. Ukiweka picha ukutani na maandishi marefu chini yake, vyote viwili vinagombania mlango wa macho. Ukiiacha picha ipite machoni na maneno yapite masikioni, kila kimoja kinapata nafasi.

Mayer na wenzake waliona pia kwamba kuandika ukutani maneno yale yale yanayosomwa kwa sauti mara nyingi hupunguza kuelewa, kwa sababu msikilizaji anahangaika kulinganisha anachosoma na anachosikia. Tena waliona kwamba watu hujifunza vizuri zaidi wakizungumzwa nao kama jirani anavyozungumza na jirani kuliko wakisomewa kama waraka wa serikali.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: slaidi yenye sauti isiwe na maandishi mengi. Picha moja kubwa, maneno matatu au manne, inatosha. Mengine yote aseme msomaji.

Yule mama ameshika kichwa

Mtu anaweza kusema haya ni mapambo. Sisi tunaofanya kazi za uuguzi tunaona ni zaidi ya hapo.

Katika semina moja iliyofanyika katika ukumbi mmoja hapa mjini, mgeni kutoka shirika moja alileta slaidi zaidi ya 40 kuhusu dalili za hatari wakati wa ujauzito. Maandishi mengi yalikuwa ya Kiingereza, na yeye alizipitisha haraka kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Mojawapo ilikuwa na picha ya mwanamke mjamzito ameshika kichwa kwa mikono miwili. Semina ilipokwisha bibi mmoja alituuliza, "Wanangu, yule mwanamke amefiwa na nani?"

Tusimcheke bibi yetu. Kwetu pwani, anayeshika kichwa kwa mikono miwili ni mwenye msiba. Wengine waliokaa karibu naye walidhani ni mwanamke aliyechoka na kazi. Hakuna aliyejua kwamba picha ile ilihusu kichwa kinachouma kwa sababu ya shinikizo la damu la ujauzito, hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba na kuua mama na mtoto.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Ni hatua kubwa ya kumshukuru Mungu na kuwashukuru wote waliofanya kazi. Lakini kila mmoja katika hao 104 ni mama wa mtu, na baadhi yao walichelewa kutoka nyumbani kwa kuwa hawakujua kwamba wanachokisikia mwilini ni hatari.

Baada ya semina ile tulichukua picha kama hiyo, tukaiandikia maneno, tukamwomba dada mmoja mwenye sauti nzuri asome. Tuliionyesha katika kikundi chetu jioni moja. Watu walipotawanyika mama mmoja kijana alibaki kwenye benchi. Alisema pete yake haitoki kidoleni tangu Jumapili, na kichwa kinamgonga. Alisindikizwa hospitali usiku ule ule, akapimwa, shinikizo la damu likakutwa juu, akalazwa. Leo mtoto wake anatambaa. Hatusemi slaidi ilimwokoa. Waliomwokoa ni waliompima na kumtibu. Ila sauti ile ndiyo iliyomfanya asirudi kulala.

Kuandika maneno ya kusomwa

Sauti nzuri haiwezi kuokoa maneno mabovu. Kabla ya kumtafuta msomaji, kaeni chini mwandike. Mambo haya yatawasaidia.

Kwanza, andikeni kwa ajili ya sikio. Sentensi iwe fupi. Msomaji wa kitabu anaweza kurudi nyuma mstari mmoja, msikilizaji hawezi.

Pili, kila picha iwe na jambo moja tu. Mkiona jambo la pili limeingia, tafuteni picha ya pili.

Tatu, hesabuni maneno. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo maneno kama 100 kwa dakika ni mwendo mzuri wa kueleweka. Picha moja isikae zaidi ya nusu dakika, yaani maneno 50 hivi. Picha 12 zitachukua dakika sita na maneno 600. Somo la namna hiyo linatosha kabisa; muda uliobaki ni wa maswali.

Nne, tajeni kinachoonekana kabla ya kutaja maana yake. Semeni "mama huyu" ndipo mseme ana nini.

Tano, malizieni kwa kitendo. Msikilizaji ajue afanye nini, wapi na lini.

Hebu tuchukue mfano. Maandishi ya slaidi za kawaida husomeka hivi: "Dalili za hatari: maumivu makali ya kichwa, kutoona vizuri, kuvimba uso na mikono." Ni kweli tupu, lakini ni baridi kama ubao wa matangazo. Sisi tuliandika hivi:

"Mama huyu ana mimba ya miezi saba. Tangu jana kichwa kinamuuma, na dawa ya maumivu haikumsaidia. Akitazama taa anaona kama vimulimuli. Uso wake umevimba, hata pete haitoki kidoleni. Mama, hii si uchovu wa kazi za nyumbani. Ni dalili ya hatari. Usingoje asubuhi. Chukua kadi yako ya kliniki, uende hospitali sasa hivi."

Maneno kama 50, na bibi aliyesahau miwani ameelewa. Baba aliyekuja kumchukua mkewe akasimama mlangoni naye ameelewa.

Mkimaliza, mpeni mtaalamu wa jambo lenyewe asome kabla hayajarekodiwa. Kama ni afya, muuguzi au daktari. Kama ni mirathi, mwanasheria. Kosa la karatasini hufutwa kwa kalamu, lakini likisharekodiwa mtalipia upya.

Kumpata msomaji

Je, ni lazima kumlipa mtu wa kazi hiyo? Inategemea. Kama slaidi zitaonyeshwa mara moja kwenye kikundi cha watu 20, mmoja wenu anatosha. Kama zitazunguka sharika nyingi au kliniki kwa mwaka mzima, basi mtu aliyesomea utangazaji, au aliyezoea kusoma matangazo ya redio, ni fedha iliyotumika vizuri. Anajua kupumua mahali pa kupumua, hamezi silabi za mwisho, na akirudia sentensi mara tano zote zinatoka kwa nguvu ile ile.

Mkimchagua, msikilize sauti yake akisoma maneno yenu, si tangazo lake la sabuni. Sauti inayouza bia haifai kumfariji mama aliyepoteza mtoto. Somo la uzazi linapokelewa vizuri zaidi kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, anayesikika kama shangazi. Somo la kuwahimiza akina baba kusindikiza wake zao kliniki lisomwe na mwanamume. Angalieni pia matamshi. Asiyetenganisha l na r atawafanya watoto wacheke, na somo litapotea.

Hapa Kariakoo tunaishi Wakristo na Waislamu nyumba kwa nyumba, na kliniki ni ya wote. Kwa hiyo slaidi za kliniki zianze kwa "shikamooni" na "habari zenu akina mama," salamu ambayo kila mmoja ataiitikia. Salamu za kanisani zibaki kwenye slaidi za kanisani.

Kabla ya kazi kuanza, kubalianeni kwa maandishi: maneno mangapi, malipo kiasi gani, atarudia mara ngapi bila kudai nyongeza, atawapa sauti kwa siku gani, na mtaruhusiwa kuitumia wapi. Wengine huuza sauti kwa ukumbi mmoja tu. Mkiiweka redioni wanadai tena, nao wana haki. Muziki wa chini ukihitajika, ombeni ruhusa ya mwenye wimbo, kwa maana sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda wasanii. Na picha za watu, hasa wagonjwa, zisitumike bila idhini yao. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo, na hata isingekuwepo, heshima ya mama kitandani inatudai.

Mkirekodi wenyewe

Kikundi kisicho na fedha kisikate tamaa. Simu ya kawaida ya siku hizi inarekodi vizuri ikitumiwa kwa akili.

Tatizo letu Kariakoo ni kelele: honi za bodaboda, jenereta, mikokoteni, na wale wachuuzi wenye vipaza sauti. Rekodini usiku, au alfajiri ya Jumapili kabla mji haujaamka. Chagueni chumba cha kulala, si sebule yenye vigae. Godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa humeza mwangwi. Wenye kabati kubwa la nguo wafungue milango yake, msomaji aketi akilielekea. Zimeni feni na jokofu. Ndiyo, kuna joto. Ndiyo maana msirekodi zaidi ya robo saa bila kupumzika.

Simu iwekwe juu ya vitabu, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Iwekeni isipokee simu za nje. Msomaji anywe maji ya kawaida, si soda ya baridi. Asome akiwa amesimama au amekaa wima, na atabasamu anaposalimia, kwani tabasamu husikika.

Kila slaidi irekodiwe peke yake. Hii ndiyo dawa ya ile shida ya watu wa Vugiri. Mkirekodi dakika sita kwa mkupuo, sauti na picha zitaachana njiani. Mkirekodi slaidi moja moja na kuipachika kila sauti kwenye picha yake, haziwezi kuachana. Programu ya PowerPoint inaruhusu kufanya hivyo, na picha kubadilika yenyewe sauti inapokwisha. Acheni ukimya wa sekunde mbili mwishoni mwa kila slaidi, watu wapate kuvuta pumzi.

Vipi kuhusu sauti za mashine?

Siku hizi kompyuta inaweza kusoma maandishi ya Kiswahili yenyewe. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, imetengeneza sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania na kuzipa majina ya Rehema na Daudi. Zinasoma bila kuchoka, na ukibadilisha neno moja huhitaji kumwita mtu tena. Kwa matangazo ya ratiba au bei zinafaa.

Lakini mashine haijui uchungu. Husoma "mtoto amefariki" kwa sauti ile ile inayosomea "mkutano umeahirishwa." Tena Kiswahili chetu kina mitego. Neno barabara likitamkwa kwa namna moja ni njia ya magari, na kwa namna nyingine ni sawasawa kabisa. Mtoto wa Kariakoo hakosei. Mashine inaweza kukosea. Tarehe, vipimo vya dawa na majina ya mitaa nayo yasikilizwe moja baada ya jingine kabla ya kuonyeshwa. Ushauri wetu ni huu: pale mnapotaka mtu aamue jambo zito la maisha yake, tafuteni sauti ya binadamu.

Siku ya kuonyesha

Fikeni saa moja kabla. Jaribuni spika kwa kusimama benchi la mwisho, karibu na dirisha la barabarani, si pale mbele. Spika ndogo ya kompyuta haitoshi ukumbi wenye watu 30. Wekeni nakala ya slaidi kwenye kifaa kingine, na maneno yote kwenye karatasi. Umeme ukikatika, mmoja wenu asimame asome. Picha mbili tatu zilizochapwa steshenari zitawasaidia kumalizia somo.

Tena sauti iliyorekodiwa isimfukuze mwalimu. Simamisheni slaidi katikati, ulizeni, "Mama mwenye pete, ameambiwa afanye nini?" Waacheni wajibu wao kwa wao. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, tunasoma kwamba sheria iliposomwa mbele ya watu wote, Walawi walipita katikati yao wakiwafafanulia mpaka wakaelewa. Hawakuridhika na kusoma tu. Vikundi vya Mtu ni Afya vilifanya vivyo hivyo baada ya kuzima redio, na ndiyo sababu vyoo vilichimbwa.

Akina mama wenzetu, wengi wetu tayari tunao wasomaji wazuri miongoni mwetu na hatujawahi kuwaomba. Yupo yule anayesoma somo la kwanza kanisani na ukumbi mzima ukanyamaza. Yupo mwalimu mstaafu ambaye sauti yake ilifundisha nusu ya mtaa. Mkutano ujao, mpeni karatasi moja yenye maneno 50 na picha moja, mzime feni, mmrekodi. Kisha mchezeeni bibi asiyejua kusoma, mmwombe awasimulie alichosikia. Akisimulia sawasawa, endeleeni na picha ya pili. Akikosea, msimlaumu bibi. Kalisheni kalamu na mwandike upya.